Sura ya Saba: Kombe Lisilofunguka

Mjini Kasulu, mkoani Kigoma, kwenye kichochoro kinachoshuka kutoka sokoni, kuna banda la gemu ninaloingia kila nikirudi nyumbani. Lina televisheni nne, mabenchi ya mbao, kitenge kilichotundikwa mlangoni kuzuia mwanga, na daftari la kaunta ambamo mwenye banda huandika wanaodaiwa. Televisheni tatu hazijui kingine zaidi ya mpira. Ya nne, iliyo pembeni kabisa, Desemba moja ilikuwa ya kijana mmoja wa kidato cha tatu. Shule zilikuwa zimefungwa na mvua zimeshika. Asubuhi alipalilia mahindi na mama yake kwenye mteremko nje ya mji. Mchana alikuja bandani, akalipa hela yake, akashika pedi, akalima tena.

Alikuwa akicheza gemu ya kuigiza kilimo: trekta, plau, kombaini, maghala, bei za mazao zinazopanda na kushuka. Jina la gemu hiyo nitaliacha. Kwenye orodha ya makombe yake kulikuwa na moja la fedha lenye sharti fupi: vuna hekta 100. Alikuwa amelifukuzia kwa wiki tatu. Siku niliyokaa nyuma yake kihesabio kilisoma 97. Vijana wa mpira wakaanza kugeuza shingo. Ikaja 98, ikaja 99. Kombaini ikakata mstari wa mwisho wa ngano, namba ikasoma 100 kwa 100, na banda zima likangoja ule mlio mdogo unaosikika kombe linapofunguka.

Mlio haukuja. Akavuna kipande kingine. Akazima mashine, akaiwasha. Orodha ikaendelea kuonyesha kufuli. Akanigeukia, pedi bado mkononi:

"Kaka, sasa nimelima au sijalima?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimeandika sura hii kwa sababu naamini alistahili kujibiwa, na kwa sababu swali lake linawahusu watu wengi ambao hawajawahi kushika pedi.

Barua iliyofunguliwa na mtu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Activision ya California iliwapa wachezaji wa mashine ya Atari 2600 ahadi ya aina yake. Ukifikisha pointi zilizotajwa, piga picha ya televisheni yako, itie kwenye bahasha, itume kwa posta. Kwa gemu ya Pitfall!, iliyotoka mwaka 1982, kiwango kilikuwa pointi 20,000. Bahasha ilifika ofisini, mtu akaifungua, akaitazama picha, na mchezaji akarudishiwa nembo ya kitambaa ya kushonea kwenye nguo. Utaratibu ulikuwa wa polepole, lakini ulikuwa na kitu kimoja ambacho kimepotea tangu hapo: binadamu mmoja aliyeona kazi ya binadamu mwingine na kukiri kwamba ameiona.

Novemba 2005 Microsoft ilitoa Xbox 360 na kuipa kila gemu orodha ya mafanikio yenye alama. Alama hizo hujumlishwa katika maisha yote ya mchezaji, gemu baada ya gemu. Tarehe 2 Julai 2008 Sony ikafuata kwa sasisho namba 2.40 la PlayStation 3, likaleta makombe ya shaba, fedha na dhahabu, na juu yake platinamu, ambayo hutolewa kwa aliyekusanya makombe mengine yote ya gemu husika. Posta ikaondoka. Anayetazama na kukiri sasa ni programu.

Watu walizipenda tuzo hizi mno. Machi 2014 Mmarekani Ray Cox alifikisha alama 1,000,000 za Xbox, wa kwanza duniani kufanya hivyo. Kwa upande mwingine, mwaka 2007 ilitoka gemu ya watoto ya Avatar: The Last Airbender – The Burning Earth ambayo mtu aliweza kuzoa alama zake zote 1,000 ndani ya dakika chache, kwa kurudiarudia pigo lilelile. Wengi waliinunua kwa ajili hiyo tu. Cox na mnunuzi wa Avatar walikuwa wakipimwa kwa kipimo kimoja, na hapo tatizo lenyewe linaanza kuonekana.

Jinsi kombe linavyovunjika

Ukilifungua kombe ndani ya programu, utakuta sharti na mtego. Mtego unasema: tukio hili likitokea, angalia kama sharti limetimia, likiwa limetimia, fungua. Kila neno katika sentensi hiyo linaweza kukosewa.

Chukua sharti la hekta 100. Je, shamba lililovunwa na kibarua uliyemwajiri ndani ya gemu linahesabiwa kuwa lako? Kama namba inayoonekana kwenye skrini inasomwa mahali pamoja na kombe linasomwa mahali pengine, zikitofautiana kwa robo hekta ipi inasema kweli? Na kama programu hukagua pale tu namba inapokuwa 100 kamili, huku mchezaji amevuka kutoka 99.8 hadi 100.3 kwa mkato mmoja wa kombaini, mtego haukunasa. Kwa kuwa hesabu ya mavuno hairudi nyuma, hautanasa tena. Kijana anaweza kulima mpaka azeeke.

Dawa ya kosa hilo inajulikana na ni rahisi. Sharti liandikwe "100 au zaidi", na likaguliwe upya kila gemu inapofunguliwa, ili aliyekosa haki yake jana aipate leo. Gemu za kuigiza ndizo zinazohitaji uangalifu huo kuliko nyingine zote, kwa sababu hazina mstari mmoja wa kupita. Mchezaji wa gemu ya vita hupita mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkulima wa kuigizwa anaweza kuanza na ng'ombe au na ngano, kununua shamba kabla ya trekta, kulala miezi mitatu ya gemu au kutolala kabisa. Njia ni nyingi kuliko wajaribu wa kampuni, na kombe linavunjika kwenye njia ambayo hakuna aliyeipita kabla ya gemu kuuzwa.

Aina ya pili ya kuvunjika haitokani na kosa la uandishi. Inatokana na muda. Mfululizo wa Gran Turismo hujitangaza kuwa kiigizo halisi cha udereva, na wengi wa rika langu walijifunza kupiga kona humo miaka mingi kabla ya kushika usukani wa kweli. Huduma za mtandaoni za Gran Turismo 5 zilifungwa tarehe 31 Mei 2014, za Gran Turismo 6 tarehe 28 Machi 2018, na za Gran Turismo Sport tarehe 31 Januari 2024. Kampuni haiwezi kulipia seva milele, na hilo sina ugomvi nalo. Lakini katika gemu yoyote, kombe linalodai ushinde mbio dhidi ya watu wa mbali linakufa siku seva inapozimwa, huku jina lake likibaki kwenye orodha kama kibao cha duka lililohama. Na kwa kuwa platinamu inadai makombe yote, moja likifa, platinamu imekufa nalo. Aliyenunua diski iliyotumika katika soko la mtumba ananunua orodha isiyoweza kukamilika, na hakuna anayemwambia.

Waswahili tunasema ahadi ni deni. Kombe ni ahadi iliyoandikwa: fanya hiki, nami nitakiri. Kampuni isiyokusudia kuitunza ahadi hiyo, heri isiiandike.

Lumbesa

Kombe linaweza pia kufunguka vizuri kabisa na bado likawa baya. Kwa ubaya huo mkulima wa Kibondo, wilaya nyingine ya Kigoma, ana neno lake tayari: lumbesa.

Kwa asiyelijua, lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kilemba na kushonewa wavu juu, kisha likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo hukamata, na bado kila msimu wa mavuno magunia yenye vilemba yanasafiri. Mkulima ameuza kilo nyingi kuliko zilizolipwa. Jasho lake la ziada limeingia kwenye kilemba, na kilemba hakina bei.

Makombe mengi ya gemu za kuigiza yameshonwa hivyo. Mchezaji amekwisha kuelewa jinsi ya kupanda na kuvuna ndani ya saa kumi za mwanzo. Baada ya hapo kombe linamdai saa nyingine mia za kufanya jambo lilelile, bila swali jipya wala uamuzi mpya. Kampuni inapata muda wake, tena muda unaoweza kuonyeshwa kwa wenye hisa. Mchezaji anapata mlio mmoja.

Kuna sura nyingine ya lumbesa, ambapo kipimo hakiongezwi ila hubadilishwa kisirisiri. Katika Farming Simulator 2013 ya kampuni ya GIANTS Software ya Uswisi, kwenye ramani ya Hagenstedt vilifichwa viatu vya farasi 100, na mchezaji alitakiwa kuvitafuta nyuma ya nyumba, chini ya madaraja na pembeni mwa miti. Ni mchezo mzuri wa kujificha na kutafutana. Lakini aliyevipata vyote mia hajawa mkulima bora kwa hata punje moja ya ngano. Ameacha shamba, ameegesha trekta, ametembea kwa miguu akichungulia.

Mfano unaojadiliwa zaidi ni wa Stardew Valley, gemu ninayoiheshimu kwa dhati. Mmarekani Eric Barone aliitengeneza peke yake kwa miaka zaidi ya minne, ikatoka Februari 2016 kwenye kompyuta na Desemba mwaka huohuo kwenye mashine za PlayStation na Xbox. Ni gemu ya shamba, majirani na misimu minne. Ndani ya baa ya kijijini kuna mashine ya kuchezea, gemu ndani ya gemu, iitwayo Journey of the Prairie King, ambamo unapiga risasi maadui wanaokuja kutoka pande zote. Kombe moja linadai uimalize yote bila kufa hata mara moja. Mtu aliyemwagilia bustani yake kwa miaka mitatu ya gemu, akajua kila jirani anapenda zawadi gani, anasimamishwa mlangoni na kazi ya bunduki. Kwenye orodha yake ya makombe, pengo hilo linasomeka kama upungufu wa mkulima.

Gemu hiyohiyo inajua kufanya vizuri. Ina kombe kwa anayekarabati ukumbi wa jamii wa kijiji, na ukumbi haukarabatiki mpaka ulete vitu vya majira yote ya mwaka: mazao, samaki wa mito na bahari, na vitu vya porini. Kulipata kombe hilo ni kuujua mwaka mzima wa mahali pale. Aliyenalo anajua kitu. Kombe jema huwa hivyo: ukiniambia unalo, nimejua umekuwa nani.

Mashine moja, watu arobaini

Nirudi bandani, kwa sababu kuna kasoro ambazo hazionekani sebuleni kwa mtu mwenye mashine yake, umeme wake na intaneti yake.

Ya kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli, mbali na Gridi ya Taifa. Gridi ilianza kuingia mkoani Kigoma Oktoba 2022, na maisha ya mafundi wa kuchomelea, wasusi na wenye mabanda yakabadilika. Hata hivyo umeme hukatika, kama unavyokatika kwingi nchini. Kombe linalomtaka mchezaji amalize kazi ya saa tatu kwa mkao mmoja, bila kuhifadhi katikati, linapima mambo mawili kwa pamoja: uhodari wa mchezaji na uthabiti wa nyaya. Aliyelitunga hakuwahi kufikiria la pili. Kijana wa Kibondo akilikosa, orodha haisemi kwamba umeme ulikatika. Inasema hakuweza.

Ya pili ni umiliki. Makombe yalibuniwa kwa kudhani kwamba mashine moja ina mtu mmoja. Katika banda, mashine moja ina watu arobaini. Wote hucheza kupitia jina la mwenye banda, kwa hiyo kila kombe linalofunguka linaandikwa kwake. Nimewahi kuona wasifu wa mchezaji mmoja wenye makombe ya kila aina, ya mpira, ya mbio za magari, ya ngumi, na ya kilimo, na mwenye wasifu huo hachezi kabisa. Yeye huketi kaunta na kuangalia saa. Vijana waliozishinda mechi hizo hawana hata kombe moja la shaba duniani.

Ya tatu ni mpaka. Huduma ya mtandao ya PlayStation haijafunguliwa rasmi kwa Tanzania. Anayetaka akaunti hulazimika kuchagua nchi nyingine wakati wa kujisajili, na vijana wengi hapa ni Wamarekani au Waingereza mbele ya mashine. Mei 2024 dunia iliuonja mpaka huo kwa siku chache. Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako akaunti hiyo haipatikani. Wachezaji wa Ulaya na Marekani walipaza sauti, na ndani ya siku chache sharti likafutwa. Walipigania haki ya watu wasiowajua, na nawashukuru. Ila kwetu hali iliyowashangaza siku zile ilikuwa ya kila siku.

Nchi hii ya juu, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, inaujua mpaka kuliko gemu yoyote inavyoweza kuueleza. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya Oktoba 2015 kwa Warundi. Watoto wa kambi hizo wamesoma kwa mitaala ya nchi walizotoka, huku wameketi kwenye udongo wa Tanzania. Mtoto anaweza kusoma miaka yote, akajua hesabu na sayansi vizuri, na bado thamani ya cheti chake ikategemea mamlaka iliyo ng'ambo ya mpaka ambayo haijawahi kumwona darasani. Sifananishi cheti cha mtoto huyo na kombe la gemu. Uzito wake haufanani hata kidogo. Nasema tu kwamba swali lililoulizwa bandani, nimelima au sijalima, wapo wanaoliuliza kwa maisha yao: nimesoma au sijasoma?

Mcheza kwao

Neno tuzo linatokana na kutuza, ambako ndiko kutunza kwa wachezaji wa ngoma. Mcheza kwao hutunzwa. Nimeona kutunza tangu utotoni, katika harusi na sherehe za mavuno za Waha wa huku kwetu. Ngoma ikipamba moto, mtu hutoka kwenye umati na noti mkononi, huenda mpaka kwa mchezaji na kumwekea kifuani au kwenye paji la uso, mbele ya macho ya wote. Hakuna aliyetangaza kabla kwamba ukiruka mara kumi utapata elfu mbili. Anayetunza anaijua ngoma. Ameona hatua ambayo mgeni asingeiona. Mtunzwa naye alikuwa akicheza kabla ya noti, na ataendelea baada yake.

Wanasaikolojia walilifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti uliofanyika katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, kwa watoto wanaopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa mapema cheti chenye mhuri wa dhahabu na utepe kama wangechora. Kundi la pili lilipewa cheti hichohicho kwa kushtukiza, baada ya kuchora. Kundi la tatu halikupewa kitu. Baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliotunzwa bila kutarajia hawakupungukiwa hamu. Cheti kilikuwa kilekile kwa makundi yote mawili. Kilichotofautiana ni kwamba kwa kundi la kwanza kuchora kuligeuka kazi ya kulipwa.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na mwanauchumi Mwingereza Charles Goodhart aliueleza mwaka 1975 alipozungumzia sera za fedha: kipimo ukikifanya shabaha, kinaacha kupima vizuri. Tanzania tumelionja. Kwa miaka mingi matokeo ya mitihani ya taifa yalitangazwa pamoja na orodha ya shule bora na wanafunzi bora, na picha zao zikajaa magazetini. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha hiyo, likieleza kwamba wanafunzi na shule hawako katika mazingira yanayofanana. Nadhani lilifanya sawa. Shule ya sekondari ya kijijini Kibondo na seminari yenye maabara kamili hazikuwa zikikimbia mbio moja, na orodha ilikuwa ikizipanga kana kwamba zimeanzia mstari mmoja.

Siku ile Kasulu, baada ya kijana kuuliza swali lake, mwenye banda alifanya kitu ambacho sikukitarajia. Alichukua daftari la madeni, akafungua ukurasa wa nyuma uliokuwa mtupu, akaandika jina la kijana, tarehe, na chini yake: hekta 100, kavuna mwenyewe, nimeona. Akasaini. Vijana wa mpira wakacheka kwa furaha, wakadai nao waandikwe. Nilipopita tena miezi kadhaa baadaye ukurasa ule ulikuwa umejaa, na wa pili umeanza. Daftari lilikuwa limefanya kazi ya ile ofisi ya California: mtu mmoja ameona, ameandika.

Makombe ya muhogo

Farming Simulator ya mwaka 2024, ile inayoitwa 25, iliongeza mpunga, mbuzi na nyati wa majini wa Asia. Ni hatua njema kwa wachezaji wa Asia. Muhogo bado haumo katika gemu kama inavyouzwa. Kwa hiyo mara nyingi nimejiuliza ningetunga makombe gani kama shamba la kuigizwa lingekuwa Kibondo.

La kwanza lingekuwa la uvumilivu wa kweli. Muhogo hukaa ardhini mwaka mmoja na zaidi, na sifa yake kuu ni kwamba unaweza kuuacha udongoni kama akiba mpaka njaa au bei nzuri ije. Kombe lingetolewa kwa anayejua lini asivune. Hilo haliwezi kupatikana kwa kurudia kitendo. Linapatikana kwa uamuzi.

La pili lingekuwa la jicho. Batobato ikiingia shambani, majani ya muhogo hujikunja na kupata mabaka ya njano. Mkulima mzuri huuona mche wa kwanza, huung'oa, wala hachukui pingili za kupandia kutoka shamba lenye ugonjwa, hata za ndugu yake. Kombe lingekwenda kwa aliyelinda shamba la jirani, maana ugonjwa haujui mpaka.

La tatu lingekuwa la soko. Mkulima angeletewa gunia la kushonea, na mnunuzi angemshawishi aongeze kilemba. Kombe lingefunguka kwa anayekataa lumbesa na akapata njia nyingine ya kuuza, labda kwa kuungana na wenzake na kupima kwa mizani.

Kila moja kati ya haya lingekaguliwa kila gemu inapofunguliwa. Hakuna ambalo lingehitaji seva. Hakuna ambalo lingemwadhibu mtu kwa sababu umeme umekatika. Na mashine ingeruhusu watu wengi waweke majina yao bila akaunti ya ng'ambo, kila mmoja na orodha yake, kwa sababu sehemu kubwa ya dunia hucheza hivyo. Sioni katika masharti haya lolote lililo gumu kwa mtaalamu wa programu. Yanahitaji tu mtungaji anayejiuliza, kabla ya kuandika sharti, ni nani atakayelitimiza, na akilitimiza atakuwa amejua nini.

Msimu uliofuata nilimkuta kijana yuleyule kwenye televisheni ileile. Lile kombe la fedha halikuwa limefunguka, na hakulitaja. Alikuwa amegawa shamba lake la gemu vipande viwili. Kimoja alikiwekea chokaa, kingine hakukiwekea, na alikuwa akiandika mavuno ya kila kimoja kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la shule. Hakuna kombe lolote katika gemu ile lililomtaka afanye hivyo. Akaniambia ameuliza kwa bwana shamba, akaelezwa kwamba udongo wa sehemu nyingi za huku kwetu una tindikali, na kwamba chokaa ya kilimo huusaidia.

Kisha akaweka pedi chini, akauliza chokaa hiyo inauzwa wapi, na kama ingetosha kujaribu kwanza kwenye mistari michache ya maharage ya mama yake.